Mama lishe, madoa ya miguuni na juisi ya choya: nani hasa alitibu vile vimishipa?

Kisa hiki ni cha mgonjwa wangu mmoja, nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili asijulikane na mwenyewe karidhia, alisema "andika tu dokta, ila jina langu usitie". Nakiandika kwa sababu kila wiki naulizwa kuhusu flavonoidi, zile kemikali za mimea zilizoko kwenye choya, machungwa, kitunguu chekundu na majani ya chai, watu wanaambiwa zinakaza mishipa midogo ya damu. Kuna ukweli ndani yake. Ila ukweli wenyewe ni mdogo kuliko kelele zake.

Mgonjwa na maisha yake

Mama wa miaka 50 na kitu, anauza chakula cha mchana sehemu moja ya pwani ya Tanzania. Anaamka saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili yuko mbele ya jiko, na hapo anasimama mpaka saa tisa hivi, majiko mawili ya mkaa na moja la gesi, joto lake ukikaa dakika tano shati linaganda mgongoni. Presha anayo miaka mitatu sasa. Sukari hana. Hajawahi kupata kiharusi wala shida ya moyo.

Alivyoingia

"Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo nimekuletea miguu, presha najua iko sawa."

Haikuwa sawa. 178 kwa 104, nikamwacha apumzike dakika kumi nikarudia, 174 kwa 102. Ila yeye alishapandisha khanga anataka niangalie miguu, nikaangalia.

Kuanzia juu ya vifundo mpaka katikati ya ugoko, miguu yote miwili, kulikuwa na vidoa vidogo vingi, kila kimoja kama kichwa cha pini, vingine vyekundu vingine vimeshageuka kahawia, yaani kama mtu kamwagia pilipili ya unga halafu akapangusa vibaya. Haviwashi sana, haviumi. Nilichukua kipande cha glasi nikakandamiza juu ya vile vyekundu: rangi haikupotea. Hiyo inamaanisha damu imeshatoka nje ya mshipa, iko kwenye ngozi, kwa sababu damu ikiwa bado ndani ukikandamiza inakimbia na doa linafifia. Nikapitisha kidole, vipo flati kabisa, hakuna hata kimoja kilichoinuka, na hapo nilipumua kidogo maana vikiwa vimeinuka unaanza kuwaza mishipa yenyewe imevimba kwa ugonjwa, na hiyo ni habari nyingine.

Kilichotokea kabla hajaja, kwa mpangilio

Ilichukua karibu nusu saa kupata mtiririko, maana alikuwa anasimulia kuanzia katikati.

Alikuwa anameza amlodipini, kidonge cha presha, ya miligramu 5, presha ikawa inasumbua, mahali fulani wakampandishia ikawa 10. Hiyo ni kama miezi minne kabla ya kuja kwangu. Wiki ya tatu akaona kandambili zinabana jioni, akizivua mkanda umeacha mfereji kwenye mguu. Jirani akamwambia damu yako imekuwa nzito, akaanza aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku "ya kulainisha", bila kuandikiwa na mtu. Mwezi hivi baadaye yakatokea madoa.

Hapo ndo akatumiwa sauti ya WhatsApp na mtoto wa dada yake, sauti ya dakika saba, inaeleza flavonoidi zinavyoziba vimishipa vinavyovuja na kwamba vidonge vya presha ndo vinavyovichakaza. Akaacha amlodipini siku hiyo hiyo. Aspirini akaendelea nayo (hakuihesabu kama dawa). Akaanza choya, nusu lita asubuhi nusu lita jioni, imechemshwa na tangawizi na sukari ya kutosha, na nikisema ya kutosha namaanisha nilionja.

Sasa angalia kilichofuata. Ndani ya siku kumi uvimbe ukaisha! Kandambili zinaingia vizuri, mfereji hamna. Akatangaza kijiweni kote kwamba choya imemponya, na kwa macho yake hakuwa anadanganya, uvimbe kweli uliondoka. Madoa tu ndo yaligoma, na kichwa kikaanza kumuuma kisogoni kila asubuhi.

Nilivyowaza

Kapilari ni mshipa mwembamba mno, ukuta wake ni seli moja tu, na upana wake ni sawa na chembe nyekundu moja ya damu, ambayo inapita kwa kujikunja. Ukuta mwembamba hivyo unavuja kwa njia mbili: ama ukuta umedhoofika, ama presha ndani yake imezidi. Sauti ile ya WhatsApp ilizungumzia ukuta peke yake. Presha ya ndani hakuna aliyeigusa.

Na huyu mama alikuwa na vitu viwili vinavyosukuma presha hiyo juu. Kwanza kusimama. Mtu akisimama wima bila kutembea, damu ya kwenye vena za miguu (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) inasimama kama maji kwenye bomba la ghorofa, kifundoni presha yake inafika kama 90 hivi, lakini akitembea misuli ya nyuma ya mguu inaisukuma juu na presha inashuka sana. Mama lishe hatembei, anasimama palepale anageuza chapati. Ongeza joto la jiko linalotanua mishipa ya ngozi.

Pili, amlodipini yenyewe. Inashusha presha kwa kufungua viateri vidogo vinavyoingiza damu kwenye kapilari, ila vena za kutoa damu upande wa pili haizifungui kwa kiasi hicho hicho. Umefungua koki ya kuingilia, mlango wa kutokea umebaki ulivyokuwa, lazima katikati pajae. Ndo maana dozi ya 10 inavimbisha miguu ya watu wengi kuliko dozi ya 5, na ndo maana alipoiacha uvimbe ukaisha. Choya ilikuwepo tu wakati goli linafungwa.

Juu ya hapo aspirini, ambayo inazifanya chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba matundu ya mishipa, zishindwe kushikana, kwa hiyo kitobo kidogo ambacho kingezibwa chap kinaachia damu kidogo zaidi.

Umbo la madoa lilifanana na kile madaktari wa ngozi wanachokiita ugonjwa wa Schamberg, kwa jina la daktari wa Philadelphia aliyeuelezea mwaka 1901. Kapilari za ngozi zinavuja chembe nyekundu, chembe zinavunjika, chuma chake kinabaki kwenye ngozi kama kutu. Hauui, hauharibu figo. Lakini huwezi kusema ni huo kabla hujafuta vitu vibaya.

Maamuzi, na kwa nini

Vipimo kwanza. FBP, yaani picha kamili ya damu: chembe sahani 246 elfu, kiwango cha damu 12.1, vyote havina shida. Mkojo hauna protini wala damu. Kreatinini, kipimo cha figo, sawa, sukari ya kufunga 5.8, homa ya ini na VVU hamna. Mapigo ya damu kwenye nyayo nilishika yote manne nikayapata. Kwa hiyo hapakuwa na ugonjwa wa damu wala dalili ya mishipa kuvimba mwilini, nikabaki na miguu iliyosimama sana na dawa zilizopangwa vibaya.

Presha ndo ilikuwa ya haraka. Mtu wa 178 kwa 104 hapewi choya. Na mimi sina ugomvi na choya, kuna utafiti uliofanyika Boston, chuo cha Tufts, ukatoka 2010: watu 65, vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, ile namba ya juu ya presha ikashuka kama pointi 7 hivi wakati waliokunywa kinywaji cha kuigiza walishuka pointi 1 tu. Nzuri. Lakini wale namba zao za juu zilikuwa kati ya 120 na 150 na hawakuwa kwenye dawa. Toa 7 kwenye 178 uone unabaki na nini. Nilimfanyia hesabu hiyo kwenye karatasi, akanyamaza, halafu akasema "kumbe ni kama kupunguza chumvi kijiko kwenye sufuria la ubwabwa wa watu mia".

Nikamrudishia amlodipini lakini 5, nikaongeza losatani 50, dawa nyingine ya presha. Losatani inasaidia kufungua upande wa kutokea, kwa hiyo ukiichanganya na amlodipini uvimbe huwa mdogo kuliko ukipandisha amlodipini peke yake. Nikapanga kupima potasiamu na kreatinini baada ya wiki mbili, maana losatani inaweza kuvigusa. Aspirini nikaitoa, hakuwa na sababu nayo.

Halafu nikafanya kitu ambacho nitakilalamikia huko chini: siku hiyo hiyo nikamwandikia na vidonge vya flavonoidi. Vile vya diosmini 450 na hesperidini 50 kwenye kidonge kimoja, viwili kwa siku, miezi miwili. Hesperidini inatoka kwenye machungwa, diosmini mara nyingi inatengenezwa kutokana na hiyo hesperidini. Kazi yake ni kuzikaza vena kidogo na kupunguza uvujaji wa kapilari. Kwa madoa ya Schamberg ushahidi uliopo ni mwembamba, maarufu ni ule wa 1999 wa rutini, flavonoidi nyingine, pamoja na vitamini C, madoa yakaondoka, ila walikuwa wagonjwa 3 tu na hapakuwa na wa kulinganisha nao. Kwa miguu mizito na uvimbe wa vena ushahidi ni mkubwa zaidi, mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, yalisema dawa za kundi hili huenda zinapunguza uvimbe kidogo. Kidogo. Nilimwambia neno hilo hilo.

Na nikamwambia atafute stuli, akimenya vitunguu akae, kila saa azunguke kijiwe mara mbili na ainuke kwa vidole vya miguu mara ishirini. Soksi za kubana nazo. Na binti yake ni fundi cherehani, nikasema achukue ile tepu ya kupimia, kila jioni baada ya kufunga biashara apime mguu wa kulia mahali pale pale, vidole vinne juu ya kifundo, aandike.

Wiki zilizofuata

Soksi zilidumu siku tatu. "Dokta, ile si soksi, ile ni adhabu." Pale jikoni namwelewa, ni kosa langu sikumuuliza kabla.

Vidonge vya flavonoidi vikapata ajali ya ajabu. Alikwenda duka la dawa, foleni ndefu, kijana akasoma cheti kwa sauti ya kusikika barabarani: "Mama, hii ya bawasiri unataka pakiti ngapi?" Kwetu huku vidonge hivi vinajulikana kwa bawasiri kuliko kitu kingine. Nyuma yake kwenye foleni walikuwepo wateja wake wawili wa wali maharage. Akageuka akaondoka bila kununua, akakasirika na mimi pia, hakunipigia. Amlodipini na losatani alizipata sehemu nyingine, zile flavonoidi akaziacha.

Siku ya 14 alipokuja kupima potasiamu (4.6, safi) ndo nikajua. Presha 146 kwa 88. Daftari lake la madeni ya wateja limegeuzwa nyuma, kuna safu ya namba kwa penseli: siku ya kwanza sentimita 25.5, ya tano 25.5, ya tisa 25, ya 13 25. Yaani amlodipini imerudi na mguu haujavimba, umepungua. Na alisema kwa siku nne tano zilizopita hajaona doa jipya jekundu, ya zamani yote yanageuka kahawia.

Nikamweleza kwamba bawasiri nayo ni vena zilizojaa, ndo maana dawa ni moja, haina aibu. Siku hiyo nikamnunulia mwenyewe pakiti ya kwanza nikaitoa kwenye boksi. Akaanza.

Matokeo

Wiki ya nne presha 136 kwa 84. Tepu 24.5 mpaka 25. Anasema miguu jioni imekuwa myepesi, zamani ilikuwa "kama nimevaa gamubuti lenye maji". Wiki ya nane 132 kwa 82, tepu 24.5, hakuna doa jipya, ya zamani yamebaki vivuli. Hela ya vidonge vya flavonoidi ikaisha hapo akaviacha, na mimi sikumsukuma. Miezi mitatu baada ya kuviacha, madoa mapya hamna. Uzito wa miguu umerudi kidogo siku za Ijumaa akiuza pilau, siku nyingine hapana.

Nini kilifanya kazi, nini kilifeli

Ukiniuliza madoa yaliacha kwa sababu gani, jibu la uaminifu ni kwamba flavonoidi siwezi kuzipa sifa hiyo. Madoa mapya yalikoma kabla hajameza kidonge hata kimoja. Tepu nayo ilianza kushuka kabla pia. Kilichokuwepo siku hizo 13 ni kutoa aspirini, kupanga upya dawa za presha, na stuli. Na choya, hakuwahi kuiacha, ila choya alikuwa nayo wiki tatu kabla na madoa yaliendelea kutokea. Flavonoidi nitazipa ule wepesi wa miguu na labda nusu sentimita, na hata hiyo nusu sentimita tepu ya fundi inaweza kuikosea.

Na haya nayajua kwa bahati tu! Angenunua vidonge siku ya kwanza nilivyoandika, leo hii ningekuwa nasimulia jinsi diosmini na hesperidini zilivyofuta madoa ndani ya wiki mbili, na ningeamini. Nilibadilisha vitu vinne kwa mpigo kwa mgonjwa ambaye shida yake ya miguu haikuwa ya dharura. Presha ndo ilikuwa ya dharura, hiyo ilistahili mkono mzito, lakini kidonge cha flavonoidi kingeweza kusubiri mwezi. Yeye alibadilisha viwili, akaacha amlodipini na kuanza choya, akaipa choya sifa. Mimi nina shahada na nilikuwa nafanya kosa lake mara mbili, kilichoniokoa ni kijana wa duka la dawa mwenye sauti kubwa.

Kosa lenyewe ni la zamani na limewakuta wakubwa. Albert Szent-Györgyi, yule Mhungaria wa Szeged aliyepata Nobeli 1937 kwa kazi iliyohusu vitamini C, aliona wagonjwa wanaovuja damu kwenye ngozi wakipata nafuu kwa maji ya ndimu na ya pilipili hoho, ila vitamini C safi haikuwasaidia. Mwaka 1936 yeye na mwenzake Rusznyák wakasema kuna vitamini nyingine humo, wakaiita P, herufi ya uvujaji kwa kizungu chao, na kilichokuwemo ni flavonoidi. Majaribio ya baadaye hayakukubali kuwa ni vitamini, hakuna mtu anayeugua kwa kuikosa peke yake, na mwaka 1950 kamati ya majina huko Marekani ikashauri jina liachwe. Mpaka leo kuna maboksi yameandikwa "vitamini P". Flavonoidi zenyewe hazikuwa uongo, shida ilikuwa ni kujua ndani ya juisi yenye vitu mia ni kipi kilichofanya kazi.

Kilichofanya kazi bila ubishi ni daftari na tepu. Zile namba za penseli zimenifundisha kuliko vipimo vya maabara vya siku ya kwanza, ingawa vile vipimo lazima ufanye, chembe sahani zingekuwa 20 elfu halafu mimi niko na stuli na soksi ingekuwa kesi nyingine kabisa.

Kilichofeli kwangu pia ni kutouliza dawa anazomeza kwa jina. Nilisema "unatumia dawa gani nyingine", akasema hakuna. Aspirini niliipata baadaye nilipouliza "na ile ya kulainisha damu je?" Siku hizi nauliza hivyo, na nauliza balungi. Mwaka 1991 kundi la David Bailey kule Kanada lilitangaza kwamba juisi ya balungi inapandisha kiwango cha felodipini na nifedipini, dawa za presha za kundi moja na amlodipini, kwenye damu. Mwanzoni flavonoidi ya balungi ikashukiwa, baadaye ikaonekana wakosaji wakubwa ni furanokumarini, kundi lingine la kemikali kwenye tunda hilo hilo. Amlodipini haiguswi sana, ila huku wapo wengi wa nifedipini, na sauti za WhatsApp zinasifu balungi sana.

Kuhusu chakula nilimwambia jambo moja tu, naye alicheka sana. Chungwa la barabarani linamenywa ganda la kijani, linakatwa kofia, unafyonza maji halafu unatupa makapi. Hesperidini nyingi iko kwenye ile nyama nyeupe iliyobaki mkononi. Akauliza kwa hiyo nile kila kitu kama mbuzi? Nikasema ukiweza. Na bado utumbo wako una kazi, hesperidini haifyonzwi mpaka bakteria wa utumbo mpana wakate sukari iliyoshikana nayo, kwa hiyo usitegemee chungwa la saa nne liguse kifundo saa sita.

Mara ya mwisho nilipita kijiweni kwake kula. Choya ipo kwenye jagi, haina sukari, anakunywa baada ya vidonge vyake. Tepu ya binti imening'inia kwenye msumari karibu na sufuria la maharage, imepata mafuta mpaka namba za mwanzo hazisomeki, kuanzia 20 kwenda juu ndo zinaonekana.